Lenzi Ndefu na Ukuta wa Baba

Ukutani kwa baba hapandi mtu bila joho au shela. Ndiyo sheria ya picha za sebule yetu kule Mgololo tangu alipostaafu kutoka kiwanda cha karatasi. Mimi nimepanda mara mbili: joho la chuo, kisha shela. Mdogo wangu hana joho wala shela. Ana jezi namba kumi na moja na miguu isiyoshikika. Baba alisema mpira wa wasichana ni kuchezea ujana, na uwanjani hatakanyaga. Nikaapa kumpandisha mdogo wangu ukutani na jezi yake hiyo hiyo, kwa picha ambayo baba hataweza kuikataa.

Nina studio ndogo ya picha Ilomba. Maharusi nawajua: ukiwaambia simameni, wanasimama. Winga hasimami. Kwenye lenzi yangu ya harusi alionekana kama sisimizi juu ya zulia, kwa hiyo nikaenda mjini kwa mzee mmoja wa Kihindi anayeuza vifaa vya kamera vilivyotumika. Akaniwekea lenzi mbili mezani, zote za kuvuta. Moja fupi, nene, nzito kama mchi, mwisho wake milimita mia mbili, lakini tundu lake ni pana na inakunywa mwanga hata jioni. Ya pili ndefu, inafika mia nne, tundu jembamba.

“Dada, chukua hii fupi,” alisema. “Ile ndefu inataka jua. Mpira si ni jioni?”

Nikaichukua ndefu, nikasimama mlangoni saa saba mchana, nikasoma namba ya bajaji iliyokuwa mwisho kabisa wa barabara. Nikasoma mpaka bei ya parachichi kwenye kibao. Halafu, niseme ukweli, kwenye viwanja vya huku mpiga picha hupimwa kwa urefu wa lenzi. Mwenye fupi hurudishwa nyuma ya kamba pamoja na wauza karanga.

“Mzee, jua lipo,” nikamwambia. Akanifungia mzigo wangu huku anacheka peke yake.

Mechi ilichezwa Julai, karibu na kwetu Mgololo. Mtu aliyekulia Mufindi akisema amesahau ukungu wa Julai, achapwe. Mimi nilisahau. Harusi za Chunya, na lile jua lao la kupasua midomo, zilikuwa zimenipumbaza.

Nilipokelewa kama waziri. Kamba iliinuliwa nipite, mimi na lenzi yangu. Kipindi cha pili ukungu ukashuka kutoka msituni, na manyunyu juu yake. Nikapandisha hiki, nikashusha kile, picha zikajaa chengachenga. Dakika za mwisho mdogo wangu akafunga, akakimbilia upande wangu mikono hewani, nami nikabonyeza kama mwenye wazimu. Nilipotazama kwenye kioo cha kamera niliona weupe, na ndani yake doa jekundu lenye kitu kama mkono. Nililia pale pale, wauza karanga wakinitazama.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea baba ile iliyokuwa na nafuu, kwa ukaidi tu, nimeichapa na kuitia fremu.

“Kamwene, baba.”

“Kamwene, mwanangu.” Akaishika mbali, kisha akaileta karibu na miwani.

“Najua haionekani kitu,” nikaanza kujitetea. “Ule ukungu, baba…”

“Haionekani nini? Hapa ameshampiga kanzu, mpira juu ya kichwa, yule beki mrefu, yule ambaye soksi moja imeshuka. Kipa akatoka, akamalizia kwa kushoto.”

Nikaichungulia picha upya. Beki hakuwemo, soksi haikuwemo, na kipa hakuwemo.

“Baba, wewe ulikuwa wapi?”

“Nyuma yako,” alisema, huku macho yake yakitafuta nafasi kati ya joho langu na shela. “Umenizibia nusu ya goli na hilo bomba lako. Haya, kalete nyundo.”