Mama Hayumo Katika Hadithi Yangu

Kisangani, Jumapili mchana

Rosa na Bea, ndugu zangu wa Lubunga, ng'ambo ya mto, leo sifichi kitu: nimemuua mama yangu.

Katika hadithi, lakini nimemuua.

Mnakumbuka kile kitabu cha Sista wa shuleni, cha watu wa mwisho duniani? Kilinikolea hata nikaandika changu. Mji wetu umekwisha, msitu umeingia hadi sokoni, nami naishi peke yangu kwenye maporomoko, nakula samaki wa mitego yetu, yale matenga makubwa mazito.

Baada ya misa nikawasomea wazazi wangu nyumbani. Papa akacheka.

«Wewe peke yako utainua kitunga ya mutego? Wanaume wazima wanalia!»

Mama hakucheka. Alikuwa akigeuza samaki juu ya moshi.

«Na mimi, niko wapi?»

Nilikuwa nimemwondoa tangu mstari wa kwanza, bila hata kaburi.

«Bon, sawa. Kula basi, mutoto wa peke yake.»

Akanipa kichwa cha samaki, sehemu anayoipenda yeye.

Kiko hapa sahanini, sijakigusa. Na bado, ndugu zangu, ule ukimya wa mji mtupu nautamani.

Nijibuni kwa mtumbwi wa kesho: mkisoma vitabu vile, ninyi mnawaweka wapi mama zenu?