Feruzi ya Bibi

Jiwe linajuaje kwamba mtu anaumwa? Swali hilo nilimuuliza bibi jikoni kwetu Msambweni, moshi wa makumbi ya nazi ukituchoma macho, nikiwa na miaka tisa na ulimi usiotulia. Pete yake ya fedha ilikuwa na jiwe la feruzi, buluu kama maji ya Diani wakati wa adhuhuri. Bibi aliamini kwamba likigeuka kijani, basi maradhi yameingia nyumbani. Akipika aliivua pete akaiweka kikombeni. Sabuni, marashi wala ndimu havikuruhusiwa kuligusa lile jiwe.

"Linajua kwa sababu halipayuki kama wewe," alinijibu.

Sikuridhika. Wakati huo mama alikuwa mjamzito, miguu imevimba hata kandambili hazimwingii, na kila alasiri bibi aliikanda kwa mafuta ya nazi pale barazani. Kwa kazi hiyo tu pete haikuvuliwa: jiwe sharti limguse mgonjwa, ndipo limlinde. Mimi nilizunguka mkeka, nikakaa, nikainuka, nikalichungulia tena, mpaka mama akalalamika, "Hebu tulia, mwanangu, unanitia kizunguzungu." Kichwa nacho kilikuwa kikimuuma, lakini safari ya hospitali kila siku ilikuwa ya kesho.

Alasiri moja bibi aliunyanyua mkono juani, akalikazia macho jiwe. Feruzi ilikuwa kijani, rangi ya embe bichi.

"Vaa buibui, twende hospitali," alimwambia mama.

"Mama, hii ni miguu ya mimba tu."

"Kwani nimekuuliza wewe? Nimeliuliza jiwe."

Walimpima presha, wakamlaza papo hapo. Nilimsikia daktari akimwambia bibi kwamba wangechelewa kidogo, huenda wangewakosa mama na mtoto. Mdogo wangu alizaliwa kwa upasuaji, na bibi akawa hashikiki kwa kujisifu.

Siku hizi maduka ya vito ya Diani huwauzia wageni feruzi kama jiwe la waliozaliwa Desemba. Mdogo wangu ni wa Desemba, na pete ya bibi ameirithi yeye, kijani vilevile. Nikianza ubishi wangu wa chuo kikuu hunicheka: "Dada, kwani liliongopa?" Swali hilo lilininyima raha mpaka nikaenda kusoma habari za mawe. Feruzi ina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Hunywa mafuta, na ikishayanywa sana hugeuka kijani. Na kadiri miguu ya mama ilivyozidi kuvimba, ndivyo bibi alivyozidi kuikanda.