Kambare wa Mlimani Hadi Bukima

Miaka ile sabuni ilikuwa imeanza kuonekana tena madukani, na magari ya barafu yalikuwa yanafuata sangara mpaka Bukima, ufukweni mwa ziwa. Nilikuwa nimeshalima pamba ya watu Bunda, nimefyatua matofali Bweri, na sasa nilitaka kuingia mtumbwini. Nahodha mmoja wa hapo alikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Alitaka aletewe kambare wadogo, wazima, kabla jua halijafika utosini. Alitega migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano mamia, na chambo kilichokufa hakukitaka.

Wenzangu waliotaka nafasi hiyo walikwenda kwenye matope ya ufukweni. Mimi nilijiona mjanja, nikapanda vijito vya milima ya Butiama. Huko nilikuwa nimewaona kambare wa urefu wa kidole wakijibana chini ya mawe, kwenye maji yanayokwenda kasi. Kulipopambazuka nilikuwa nao kama arobaini ndani ya dumu lililokatwa mdomo, nimelifunga kwenye keria ya baiskeli.

Kambare niliwajua tangu utoto. Ukimtia kwenye gunia asubuhi, jioni bado anakupiga mkia. Kwa hiyo sikutazama nyuma mpaka nilipopumzika. Sita walikuwa wameelea, matumbo juu.

Nikabadilisha maji kisimani, nikakanyaga. Niliposimama tena, kumi na mmoja wengine walikuwa wameelea. Nikalifunika dumu kwa shati langu lililolowa, nikakanyaga mpaka mapaja yakatetemeka. Waliobaki walikuwa wamejibandika ubavuni mwa dumu, midomo ikifunguka haraka haraka. Hata katika hofu ile nilikuwa najiuliza: mbona hawapandi juu kuvuta hewa kama wale wa matope?

Nilifika jua likiwa bado upande. Nahodha akachungulia.

“Wazima wangapi?”

“Watatu, mzee.”

“Umewatoa wapi?”

“Mlimani, Butiama. Kwenye mawe.”

Akacheka, na wavuvi wake wakacheka. “Hao wanapumuliwa na mto, bwana! Ukiwatoa kwenye mkondo wanakufaga tu. Umetuletea kitoweo.”

Nyuma yangu alishuka mmoja wa wale wenzangu na ndoo isiyo na maji, majani mabichi tu. Akayafunua. Kambare weusi walikuwa wanapindana humo. Nahodha akapokea ndoo, akampa mkono apande.

“Mzee, hata kazi ya kutoa maji mtumbwini nitafanya,” nikasema.

“Nafasi ni moja.”

Wakasukuma. Niliushika ukingo wa mtumbwi mpaka maji yakanifika kiunoni, ndipo nikauachia.