Angelina na Ndege Isiyopiga Ukelele

Angelina Mponda alipata leseni ya kurusha ndege nyuki, yaani droni, tarehe 9 Machi 2021, na tangu hapo hunyunyizia dawa mashamba ya mpunga kuanzia Ifakara hadi Kiberege. Mwezi uliopita kampuni ya nje ilimtaka akafundishe askari wa nchi rafiki kurusha ndege zenye silaha, ambazo humtafuta mtu zenyewe na kumpiga bila kungoja amri.

Alimfuata mama yake, Apolonia, shambani, akamsomea barua. Walikaa palipokuwa na dungu, jukwaa la miti ambalo kila mmoja wao utotoni aliamia mpunga, akifukuza ndege waharibifu kwa kombeo. Wakati ule mpunga ulikuwa mrefu, na aliyepita ndani yake hakuonekana. Kwa hiyo kabla ya kurusha jiwe ulipiga ukelele, ukangoja kusikia kama kuna mtu anayeitikia.

“Hiyo ndege yao inapiga ukelele?” Apolonia aliuliza.

“Haipigi, mama.”

“Mtu akiitikia ‘nipo huku’, inasikia?”

“Mama nawe! Ina kamera, haina masikio.”

“Baba yako alisahau kuita, akampiga shangazi yako jiwe la goti. Lakini alikuja mwenyewe kuomba radhi. Hiyo ndege ataiombea radhi nani?”

Angelina alicheka, kwa sababu shangazi huyo mpaka leo huchechemea akimwona baba.

Jioni aliandika kwamba hataenda. Kampuni imemjibu kwamba nafasi imepata mtu mwingine. Jumatatu Angelina atanyunyizia ekari kumi na mbili Kiberege.