Fromaji Chini ya Bati Jeupe

Enzi zetu joto la nyumba lilipimwa kwa fromaji, ile jibini ya mviringo ya kwetu Nyamitaba. Kule kwenye vilima vya Masisi kulikuwa na baridi, tuligombania nafasi karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Ndiyo maana watu walipaka mabati yao lami nyeusi: ilizuia kutu, na jua kidogo likipatikana, weusi ulivuta joto lake ndani.

Tulipohamia Kibua, kule Walikale kwenye joto la bondeni, ili Mama afungue duka la fromaji, Papa alipaka lami vilevile. Mtu wa kilimani, angejuaje? Nakumbuka adhuhuri za nyumba ile: mishumaa ilipinda kabatini, paka akahamia nje kabisa, na fromaji za Mama zilitoa jasho hadi zikanuka. Mama akaanza kufunga mizigo.

"Papa Amani," alisema, maana Amani ni mimi, "huku hatuombi jua. Tupake chokaa ao nirudi kwetu."

"Bati nyeupe iko ya kanisa," Papa alijibu.

Wakakubaliana kupima. Mabati mawili ya zamani yaliwekwa juu ya mawe uani, moja jeusi, jingine limepakwa chokaa iliyokorogwa na uji wa muhogo ili ishike. Chini ya kila moja, kipande cha fromaji. Sisi watoto tuliwafukuza kuku wasije wakala matokeo. Sombe, majani ya muhogo ya chakula cha mchana, haijaiva bado jikoni, dada yangu mdogo alichungulia.

"Papa, fromaji yako iko inalia."

Papa aliinama. Chake kimelegea, kinang'aa mafuta. Cha Mama kigumu bado. Alikionja, akatafuna polepole kama anayetafuta kosa. "Mama Amani, yako njo imeshinda. Nipe ngazi."

Mizigo ikafunguliwa. Tangu hapo, mvua kubwa zikiosha bati, tulipanda wote kupaka tena, tukashuka weupe mpaka kope.

Juzi nimepita Kibua. Kijana mmoja anauza rangi ya kiwandani inayorudisha joto la jua angani. Anaelekeza kimashine cha kupimia joto darini, namba zinatokea. Rangi nzuri kweli, mvua haiiondoi, wala familia haina tena sababu ya kupanda juu pamoja. Nikamuuliza kama kipimo chake kinaliwa.

"Papa, uko na njaa," kijana alinicheka.

Labda. Nimelala chini ya mabati ya miji mingi, sikudumu popote. Nashukuru tu kwamba nikirudi, mlango ule wa Kibua bado ni wetu, na Mama ananikatia kipande cha fromaji, kigumu vilevile.