Nilichomoa Waya Nipate Skrini Iliyojipinda

Tik! Kasauti kadogo tu, ka waya ukichomoka nyuma ya skrini. Banda lilikuwa limejaa watu wanaopiga kelele, na aliyekasikia ni mimi pekee, kwa sababu ni mimi niliyeuchomoa. Jameni, kosa ni langu, na mpaka leo Anti hajui!

Anti Risper, aliyenilea tangu nikiwa darasa la sita, anaonyesha watu mpira kwa malipo kwenye hilo banda lake, hapa mtaani Kianda. Alikuwa na skrini mbili ukutani: kushoto mechi moja, kulia nyingine. Kazi yangu ni kuziwasha na kuandika mechi kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni.

Lakini mimi nina ndoto! Nataka kutengeneza video. Na huko kituo cha Kawangware 46, kwenye duka la vitu vya mitumba, niliona skrini moja pana, imejipinda kama mtu anayekunyooshea mikono. Wee! Nilikaa mbele yake nikahisi niko ndani ya picha. Nikajiambia, Anti akiichukua, jioni itakuwa ya mpira na asubuhi yangu peke yangu.

Ndiyo maana nikachomoa waya.

"Anti, hii ya kushoto imekufa. Na hiyo ingine iko karibu kufa."

"Yawa! Si tuite fundi?"

"Fundi wa nini? Kuna moja pana inajigawa mara mbili!"

Akaniamini. Zile za zamani nilizipeleka mwenyewe kubadilisha, Anti asije akaziona zikiwaka. Mpya niliibeba kama mtoto mchanga, nikicheka njia nzima.

Jumamosi ikafika, mechi mbili kwa wakati mmoja. Nikaigawa picha. Wueh! Kila mechi ikawa ndogo kama biskuti, na waliokaa pembeni wakaona mng'ao tu. Kumbe ile kitu imetengenezewa mtu mmoja, aliyekaa katikati!

Baba Otis, fundi wa viatu anayeshabikia timu inayochapwa kila wiki, alikuwa na stuli yake kule kushoto miaka yote. Akainamisha kichwa, akafumba jicho moja.

"We msichana, hii ni skrini ama ni kijiko?"

Banda likaangua kicheko. Hata mimi nilicheka hadi machozi!

Halafu watu wakapiga kelele iwekwe mechi moja, kubwa. Ya Baba Otis ikazimwa. Akabeba stuli yake, akatuaga vizuri, akaenda banda la jirani. Wengine wakamfuata.

Na siku hiyo, aki, timu yake ilishinda! Tulimsikia akishangilia huko ng'ambo ya ukuta.

"Si makosa yako, mama," Anti akaniambia. "Zilikuwa zimekufa."

Hapo ndipo kicheko kiliponiisha.

Wewe unayechagua kati ya skrini mbili na moja iliyojipinda, uliza kwanza ni wangapi watakaoitazama. Na usiue kitu kizima ndio upate kipya!

Jumamosi iliyofuata, Anti akiwa sokoni, niliandika mechi moja tu kwenye ubao: ya timu ya Baba Otis, kwa herufi kubwa. Kisha nikasogeza benchi za katikati, nikaacha nafasi inayotosha stuli moja.