Jembe Nililomficha Mama

Mimi ndiye niliyelificha jembe la mama. Wanangu nimewasimulia mengi, hata habari ya kumkimbia mume wangu wa kwanza, mtu mwenye kelele kuliko bata, lakini hili sijawaambia.

Enzi za Mwingereza hizo, kwetu Nyabusozi. Nilikuwa nimesharudi nyumbani, ndiyo, kwa ajili ya yule bata. Mdogo wangu wa mwisho akafa kwa homa. Kwetu mfiwa hashiki jembe mpaka matanga yaanuliwe, basi majirani wakamlimia mama maharage. Matanga yakaanuliwa, wao wakaendelea kulima, nami nikawashukuru, maana mama alikuwa amekonda, kutwa amekaa karibu na mafiga akitazama majivu.

Siku moja akasema, "Niletee jembe langu."

"Pumzika, mama. Umechoka."

"Nimechoka na nini?"

Nikalichukua lile jembe. Nikalichomeka darini, nyuma ya kuni, nikajiona binti mwema kuliko wote. Hakuuliza tena. Akaanza kusahau kula. Ukimwita, aligeuka kama aliyeitwa kutoka ng'ambo ya mto, na siku nyingine hakugeuka kabisa. Wengine walisema mizimu, wengine jirani kamroga. Mganga alikula kuku wetu wawili akaenda zake.

Maharage ikawa nayapeleka mimi dukani Biharamulo, mwendo wa asubuhi nzima. Mwenye duka alikuwa mjane wa Kiislamu, wazee wake walitoka pwani. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka eda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Yuko wapi mama yako, yule mgomvi wa mizani?"

"Yupo, amekaa tu. Tunamfanyia kila kitu."

"Kila kitu?" Akaacha kupima. "Hata kulima?"

"Hata kuchota maji."

"Basi mnamzika huyo, mwanangu. Watu wa bara mna huruma ya ajabu!"

Nilikasirika. Nikamuuliza, mbona na yeye walimfungia ndani miezi minne na siku kumi? Akacheka, halafu kicheko kikamwisha. Akasema humo chumbani alikuwa anatembea. Mlangoni hadi kitandani, kitandani hadi mlangoni, mpaka mkeka ukatoboka katikati. Mawifi zake walidhani amerukwa na akili.

"Nikitulia tu, naona ukuta unanijia," akasema. "Nenda kampe jembe lake."

Nilirudi nusu nakimbia. Nikalishusha, nikamwekea miguuni.

"La nani hili?"

"Lako, mama."

Akapapasa mpini pale palipolika kwa kiganja chake, ndipo akalitambua. Akatoka. Hakumaliza hata tuta moja, miguu ikamshinda, akapiga magoti akalima hivyo hivyo. Jioni viganja vimejaa malengelenge. Aliyatazama akalia, mara ya kwanza tangu msiba, kisha akasema maharage yangu hayana chumvi.

Siwezi kusema alipona. Siku za mvua, zisizolimika, alirudi pale kwenye majivu, nami nilikaa nikisikiliza anavyopumua, nikiomba mawingu yaondoke. Lakini aliishi, na alilima miaka mingi. Ila jembe hakuliacha tena mahali ninapofikia. Tulilala mkeka mmoja, na kila alipolala aliliweka katikati, kati yake na mimi, mkono wake juu ya mpini.